Namna ya Kutazama Vyombo vya Anga za Juu Vikipita Utosini Usiku: Mwongozo Kamili

Mtu anayekaa nje kwa nusu saa baada ya giza kuanza kuingia, akiwa ameelekeza uso kwenye anga lisilo na mawingu, ni nadra kuingia ndani bila kuona angalau nukta moja ya mwanga ikisafiri kimya kimya kati ya nyota. Wengi huidhania ndege, na wengine huidhania nyota inayohama. Mara nyingi nukta hiyo ni setilaiti, na huenda ikawa ndiyo Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu (ISS), chenye watu wanaokula, kulala na kufanya kazi ndani yake. Kuiona kwa bahati ni jambo rahisi. Kuiona kwa kukusudia, yaani kujua mapema dakika itakayojitokeza, upande itakaotokea na mahali itakapozimikia, kunahitaji ujuzi mdogo ambao mwongozo huu unaueleza hatua kwa hatua. Hakuna kifaa cha kununua: inatosha kuwa na saa sahihi, kujua kaskazini iko upande gani, na kuelewa tabia ya kivuli cha Dunia, kwa sababu kivuli hicho ndicho kinachoamua karibu kila kitu katika shughuli hii.

Hatua ya kwanza: elewa kwa nini vyombo hivi huonekana

Mwanga tunaouona hautoki kwenye taa za chombo. Ni mwanga wa Jua unaopiga paneli za sola na kuta za chombo kisha ukarudishwa chini kwetu. Kwa hiyo masharti mawili hayana budi kutimia kwa wakati mmoja: mtazamaji awe tayari ameingia gizani, na chombo kiwe bado juani. Ni jambo lile lile linalotokea mlimani jioni, pale kilele kinapoendelea kung'aa ilhali watu wa bondeni wamekwisha kuwasha taa. ISS huzunguka katika kimo cha takriban kilomita 400 hadi 420, na ikiwa utosini kwako huendelea kupigwa na jua mpaka Jua liwe limeshuka kama nyuzi 20 chini ya upeo wa macho.

Hesabu hiyo ndiyo inayokupa ratiba yako. Karibu na ikweta Jua huzama karibu wima, likishuka kwa takriban nyuzi 15 kila saa, hivyo nafasi ya kuona ISS utosini hudumu kwa kama saa moja na dakika 20 baada ya machweo, na muda kama huo kabla ya macheo. Katikati ya usiku chombo hupita kama kawaida, lakini hupita kivulini na hakuna jicho litakalokiona. Katika latitudo za juu mambo hubadilika, kwa sababu wakati wa kiangazi Jua huko halizami mbali chini ya upeo, na ISS huweza kuonekana hata usiku wa manane. Maelezo mengi kuhusu shughuli hii yameandikwa na watu wa latitudo hizo, na msomaji aliye karibu na ikweta akiyafuata neno kwa neno atakesha bure.

Hatua ya pili: chagua chombo cha kuanzia

Anza na ISS, wala usianze na kingine. Kipande chake cha kwanza, Zarya, kilirushwa tarehe 20 Novemba 1998, na tangu tarehe 2 Novemba 2000 kituo hakijawahi kukosa watu ndani. Kina urefu wa takriban mita 109 kutoka ncha hadi ncha, huenda kwa kasi ya karibu kilomita 27,600 kwa saa, na huizunguka Dunia mara moja kila dakika 93 hivi. Katika mpito mzuri hung'aa sawa na Zuhura, mwangaza unaotosha kukiona hata ukiwa katikati ya mji wenye taa nyingi. Njia yake imeinama kwa nyuzi 51.6 kutoka ikweta, kwa hiyo hupita juu ya sehemu kubwa ya ardhi inayokaliwa na watu.

Ukishakizoea, tafuta Tiangong, kituo cha anga cha China, ambacho sehemu yake ya kwanza, Tianhe, ilirushwa Aprili 2021. Ni kidogo kuliko ISS, na mwangaza wake ni hafifu zaidi, ingawa bado huzishinda nyota nyingi. Darubini ya Hubble, iliyorushwa Aprili 1990, ni zawadi kwa watu wa karibu na ikweta: njia yake imeinama nyuzi 28.5 tu, hivyo huwapitia wao juu kabisa ilhali watu wa kaskazini ya mbali na kusini ya mbali hawaioni kamwe. Mwangaza wake ni kama wa nyota ya kawaida, na utahitaji mahali penye giza pamoja na utabiri sahihi ili usiipoteze kati ya nyota halisi.

Kisha kuna Starlink, setilaiti za intaneti za kampuni ya SpaceX. Setilaiti 60 za kwanza za kundi hili kubwa zilirushwa pamoja Mei 2019, na tangu hapo nyingine zimekuwa zikirushwa kwa mafungu. Katika siku chache za mwanzo, kabla hazijapanda na kutawanyika, fungu zima hupita likiwa limejipanga kwenye mstari mmoja kama shanga kwenye uzi. Ni mandhari ambayo imewatia watu wengi hofu isiyo na sababu. Haidumu: baada ya siku kadhaa kila moja huelekea mahali pake na kufifia. Wanasayansi wa nyota wana malalamiko ya haki kuhusu wingi wa setilaiti hizi, kwa kuwa huacha michirizi kwenye picha za darubini zao.

Hatua ya tatu: pata utabiri wa mahali ulipo

Tovuti ya Heavens-Above, huduma ya NASA iitwayo Spot the Station, tovuti ya N2YO na programu ya Stellarium zote hutoa utabiri bila malipo ya lazima. Kwa anayeanza ningependekeza Heavens-Above, kwa sababu hutoa ramani ya anga yenye mstari wa njia ya chombo kati ya nyota, na ramani hiyo hufundisha zaidi ya jedwali peke yake. Weka mahali ulipo kwa usahihi wa kilomita chache. Kosa la kilomita mia moja linatosha kukifanya chombo kilichotabiriwa kupita utosini kionekane kimeegemea upande mmoja wa anga.

Baada ya mahali, kagua saa. Huduma hizi hutumia saa za mfumo wa 24, na nyingine huonyesha muda wa UTC, yaani saa ya marejeo ya kimataifa, mpaka uzibadilishe. Saa 19:36 kwenye jedwali ni saa 1:36 usiku kwa hesabu yetu, wala si saa 7 na ushei. Kosa hili linaonekana la kitoto, lakini limewanyima wengi mpito mzuri, na mwandishi wa maneno haya ni mmojawao. Mimi nilisoma jedwali la UTC nikidhani ni la saa za kwangu, nikasimama uani nikitazama anga tupu kwa robo saa.

Utabiri uwe mpya pia. Hewa nyembamba iliyopo katika kimo kile hukikokota kituo na kukishusha kidogo kidogo, na mara kwa mara injini huwashwa ili kukipandisha tena, hivyo jedwali la wiki mbili zilizopita linaweza kukosea kwa dakika nzima au zaidi. Lipitie tena siku ile ile unayokusudia kutoka.

Usishangae ukikuta jedwali ni tupu kwa wiki nzima. Njia ya ISS hugeuka polepole ikilinganishwa na Jua, kiasi kwamba mipito juu ya mahali pamoja huja mapema kwa takriban dakika 24 kila siku. Ukiwa karibu na ikweta, matokeo yake ni kwamba utapata siku chache mfululizo zenye mipito ya jioni au ya alfajiri, kisha kipindi kirefu ambacho kituo hupita mchana mweupe au usiku mkuu. Vilevile usitarajie mipito miwili mizuri jioni moja: kituo kinapomaliza mzunguko mmoja, Dunia imekwisha kujigeuza zaidi ya nyuzi 23, na njia inayofuata huwa imesogea magharibi zaidi ya kilomita 2,500 kwenye ikweta.

Hatua ya nne: soma jedwali kwa makini

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu anayejua kusoma mstari mmoja wa jedwali anaweza kutazama chombo chochote. Tuchukue mfano wa mstari wa kubuni: mwangaza −3.4, mwanzo 19:36:50, kimo nyuzi 10, kusini magharibi, kilele 19:39:57, kimo nyuzi 67, kusini mashariki, mwisho 19:41:22, kimo nyuzi 31, kaskazini mashariki.

Namba ya mwangaza, iitwayo magnitudo, huenda kinyume na mazoea: kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo kitu kinavyong'aa zaidi. Nyota hafifu kabisa zinazoonekana kwa macho mahali penye giza nene huwa na magnitudo 6 hivi. Sirius, nyota angavu kuliko zote za usiku, ina −1.46, Zuhura hupita −4. Kwa hiyo −3.4 ni mpito wa kuitoa familia nzima nje. Ukiona namba chanya ya 2 au 3 kwa ISS, ujue kitapita chini na mbali.

Kimo hupimwa kutoka upeo wa macho, ambao ni nyuzi 0, hadi utosini, ambako ni nyuzi 90. Mimi huutazama mstari wa kilele kabla ya mingine yote. Mpito wenye kilele chini ya nyuzi 25 kwa kawaida humezwa na miti, nyumba na ukungu wa karibu na ardhi. Kuanzia nyuzi 40 kwenda juu mambo ni mazuri. Zaidi ya nyuzi 60 usikose. Sababu si vizuizi tu. Kikiwa nyuzi 10 juu ya upeo, kituo kiko umbali wa zaidi ya kilomita 1,400 kutoka kwako, na kikiwa utosini umbali huo hupungua kuwa kama kilomita 420, jambo linaloongeza mwangaza wake zaidi ya mara kumi.

Sasa angalia mwisho. Katika mfano wetu chombo kinaishia kwenye nyuzi 31, wakati hakijashuka hata kidogo karibu na upeo. Hapo ndipo kinapoingia kwenye kivuli cha Dunia, na jedwali limekupa sekunde yenyewe. Mipito ya jioni huishia hivi mara nyingi. Katika mipito ya alfajiri hutokea kinyume chake: chombo hujitokeza ghafla katikati ya anga kikitoka kivulini, kisha kikaenda mpaka upeo. Kwa mtazamaji wa alfajiri, basi, mstari wa mwanzo ndio muhimu, kwa kuwa hakuna nafasi ya kukiona kikipanda taratibu.

Hatua ya tano: pima anga kwa mkono wako

Nyosha mkono mbele mpaka kiwiko kikaze. Ngumi iliyofumbwa, kutoka upande mmoja wa vifundo hadi mwingine, huziba takriban nyuzi 10 za anga. Shubiri, yaani umbali kati ya ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole kidogo vidole vikiwa vimetanuliwa, huziba kama nyuzi 20 au zaidi kidogo. Kipimo hiki humfaa mtoto na mtu mzima, maana mwenye mkono mfupi huwa pia na kiganja kidogo. Kwa mfano wetu, nyuzi 67 ni takriban ngumi saba kutoka upeo, karibu na utosi lakini bado mbele yako ukiwa umeelekea kusini mashariki.

Pande za dunia zitafute mchana. Mahali Jua linapotua panakupa magharibi kwa kukadiria, na dira ya simu inatosha kwa kazi hii, mradi uishike mbali na magari, nondo na spika, ambavyo huipotosha.

Hatua ya sita: toka mapema, simama vizuri

Toka dakika kumi kabla ya muda. Macho huanza kuzoea giza ndani ya dakika chache, na kwa vyombo hafifu kama Hubble yanahitaji dakika 20 hadi 30. Kuitazama simu yenye kioo cheupe hata mara moja huharibu sehemu kubwa ya kazi hiyo, kwa hiyo punguza mwanga wake au andika namba kwenye karatasi. Jengo au mti uweke kati yako na taa ya jirani, na hakikisha upande wa mwanzo na upande wa kilele viko wazi. Ukilazimika kuchagua, okoa kilele na mashariki, usijali sana upande wa mwanzo.

Kuna sababu ya kupendelea mashariki jioni. Chombo kikiwa magharibi kinakuonyesha zaidi upande wake wenye kivuli, kama mtu aliyesimama kati yako na taa. Kikivuka utosi na kuelekea mashariki, upande unaopigwa na jua ndio unaokuelekea. Wanaoanza hukata tamaa wanapoona nukta dhaifu ikipanda magharibi, kumbe uzuri wenyewe uko dakika mbili mbele.

Mpito mzima wa ISS hudumu kama dakika sita tu, ukiwa mrefu kabisa. Mwanzoni huonekana kwenda pole. Karibu na utosi hukimbia kwa takriban nyuzi moja kila sekunde, yaani kila sekunde moja huvuka eneo lenye upana wa Mwezi mpevu mara mbili. Hakuna sauti, hakuna kumetameta. Mwishoni, kinapokaribia kivuli, huanza kuwa na rangi ya machungwa, kisha huzimika ndani ya sekunde chache mahali ambapo hakuna wingu wala kizuizi chochote. Rangi hiyo ni ya machweo: mwanga unaokifikia wakati huo umepenya kwenye hewa ya Dunia, na wanaanga walio ndani, kwa sekunde zile zile, wanaliona Jua likizama. Kwao hutokea kama mara 16 kila siku.

Kutofautisha setilaiti na vitu vingine

Ndege huwa na taa nyekundu na kijani pamoja na nyingine zinazowaka na kuzima, na baada ya muda sauti yake hukufikia. Kimondo humaliza safari yake kabla hujamaliza kumwonyesha mwenzako. Setilaiti huenda kwa mwanga ulio thabiti na kwa mstari usiopindapinda. Ukiona nukta inayong'aa na kufifia kwa mapigo yanayolingana, kila baada ya sekunde kadhaa, yaelekea ni kipande cha roketi kilichobaki angani na kinachojipindua. Kitu kinachopita polepole huku kikimeguka vipande vingi vya moto, kwa nusu dakika au zaidi, kwa kawaida ni taka ya angani inayoungua ikirudi kwenye hewa ya Dunia.

Mwelekeo nao una habari. Vyombo vingi huenda mashariki, kwa sababu roketi huokoa nishati kwa kurushwa upande ambao Dunia inajizungusha. Vinavyokwenda kaskazini hadi kusini, au kinyume chake, aghalabu ni vya kupiga picha za ardhi na kufuatilia hali ya hewa. Vinavyokwenda magharibi moja kwa moja ni vichache mno. Miongoni mwavyo ni setilaiti za Israel za Ofeq, ambazo hurushwa kuelekea magharibi juu ya bahari ya Mediterania ili mabaki ya roketi yasiangukie nchi jirani.

Darubini na kamera

Darubini ya macho mawili ya 7×50 au 10×50 husaidia, hasa ukijiegemeza kwenye kiti cha kulalia. Itakuonyesha rangi ya dhahabu ya paneli za ISS, na wakati mwingine nukta ya pili ikiifuata au kuitangulia: chombo cha mizigo au cha abiria, kama Progress, Soyuz au Dragon, kinachosubiri kujiunga nacho au kilichotoka kuachana nacho. Novemba 2023 wanaanga wawili waliokuwa wakifanya kazi nje ya kituo walipoteza mfuko wa vifaa, nao watazamaji waliuona kwa darubini za aina hii ukitangulia mbele ya kituo kwa majuma kadhaa. Katika darubini kubwa ISS ina upana unaokaribia ule wa sayari ya Mshtarii, kiasi cha kuonyesha umbo la paneli, lakini kuifuata kwa mkono ni kazi ya jasho. Wengi hupiga video na kuchagua picha chache zilizo kali. Usielekeze chombo chochote chenye lenzi karibu na Jua ambalo halijatua.

Kwa picha ya mchirizi, funga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, tumia lenzi pana, weka ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 400 hadi 800, na acha shata wazi kwa sekunde 10 hadi 30. Fokasi ielekeze kwa mkono kwenye nyota angavu kabla ya muda, kwa sababu kamera ikiachiwa gizani hutafuta bila kupata. Bonyeza kwa kipima muda cha sekunde mbili ili mkono wako usiitikise. Piga picha mfululizo bila kupumzika kisha uziunganishe kwenye kompyuta. Picha moja ndefu mno huharibiwa na weupe wa anga la magharibi. Simu yenye hali ya usiku nayo hufanya kazi ikiegemezwa imara, ingawa mchirizi wake mara nyingi hutoka umekatika vipande, kwa kuwa simu huunganisha picha nyingi fupi.

Ukitoka na usione kitu

Fuata mpangilio huu wa kuchunguza. Kwanza majira ya saa, kama yalivyoelezwa juu. Pili mahali: programu nyingi hukumbuka mji wa mwisho uliowekwa, si ulipo leo. Tatu tarehe, hasa kwa mipito ya alfajiri, maana saa 10:50 alfajiri ya Jumanne ni usiku ule ule ambao wengi bado wanauita Jumatatu. Nne, angalia kama jedwali lilikuwa la mipito yote badala ya ile inayoonekana tu, kwa sababu chaguo hilo huorodhesha hata mipito ya mchana na ya kivulini. Vikiwa sawa vyote vinne, basi yaelekea lilikuwa wingu jembamba lisiloonekana gizani, na dalili yake ni kwamba nyota za upande ule nazo zilikuwa chache. Ikiwa uko katika mfululizo wa siku nzuri, mpito mwingine huenda ukapatikana kesho, mapema kwa takriban dakika 24, au keshokutwa. Soma mstari wake leo ukiwa bado nje, ukiwa na ngumi yako mbele ya macho na anga lenyewe la kupimia.